Siku Tuliyokwenda Kuchukua Vyombo vya Rehema

Nyie watoto wa sasa mkisikia redioni kwamba fulani kamuua mkewe kisha naye akajiua, mnasema "wivu wa mapenzi" halafu mnaendelea kula chapati. Mimi nikisikia naizima redio. Mjukuu wangu Zuhura ananicheka, ati Bibi umekuwa mwoga uzeeni. Si woga, mwana. Nimekaa ndani ya nyumba hizo. Nimevua viatu mlangoni, nimekaa mkekani, nimekunywa kahawa ya watu waliozika wawili kwa mpigo. Mapenzi sikuyakuta humo hata siku moja.

Sasa Zuhura naye kaajiriwa ustawi wa jamii, kama nilivyoajiriwa mimi, na wenzake wameniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Nimewaambia sawa, lakini nikianza msinikatize, na simu zote zilazwe kifudifudi.

Ustawi wa jamii ni kazi ya kila kitu, mtaiona wenyewe. Baba hataki kuleta matunzo, njoo kwetu. Mzee kapotea njia, njoo kwetu. Watu wamegombania mtoto mpaka shati la mtoto limechanika, njoo kwetu. Sisi tulikuwa tumezoea. Halafu wakaja madaktari na watu wa ustawi wa nchi mbalimbali, wakitaka kulinganisha jambo moja: kwa nini mtu anamuua wa nyumbani kwake kisha anajiua mwenyewe, na je, linatokea kwa namna moja kila mahali, au kila nchi na yake? Hapa Tanga wakahitaji watu wawili wa kukaa na familia zilizofikwa na balaa hilo. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu ni mzaliwa wa Makorora na ulimi wangu hauna breki, na Mzee Elisha kwa sababu wa kwake unazo.

Mzee Elisha alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, mwimba besi kwaya ya kanisani. Mtu mkimya! Ukimwuliza jambo asubuhi anakujibu baada ya chakula cha mchana, na jibu lenyewe linakuwa sahihi, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka, viatu vya kisigino, na mkoba mweusi ambao nilidhani unanipa heshima.

Mkoba huo ulinitia aibu Pongwe. Nyumba ya kwanza kabisa niliyopelekwa, nikaingia nao mkononi, nikakohoa, nikatoa kalamu. Wallahi, mkeka mzima ulinyamaza. Walidhani nimetoka mahakamani. Bibi mmoja mfupi, mama mkubwa wa marehemu, akanitazama kuanzia kisigino mpaka mtandio, akanisukumia sinia la vitunguu na kisu. "Ukimaliza hivi ndiyo utauliza," akasema. Basi nikakaa chini na sketi yangu ya kubana, nikamenya. Vile vitunguu vilikuwa vikali, machozi yakanitiririka hadi kidevuni. Kumbe wale kina mama waliniona ninalia msiba wao. Mmoja akanisogelea akanipangusa kwa upindo wa kanga yake, akaanza kusema, na mwingine akadakia, na kabla sijamaliza sinia nilikuwa nimeelezwa mambo ambayo mkoba wangu usingeyapata mpaka Kiyama.

Nilipomsimulia Mzee Elisha alinyamaza, kama kawaida yake. Tulipotoka kula mchana akasema, "Mkoba huo uuache nyumbani." Nikauacha. Baadaye dada yangu akautumia kuwekea uzi.

Basi sikilizeni, haya sijui kama mnafundishwa huko chuoni. Msiba wa namna hii una matanga mawili. Marehemu ni wawili, na ndugu zao hawatazamani. Wa mwanamke wanalia Makorora, wa mwanamume wanalia Pongwe, na wale wa mwanamume wanalia kwa sauti ya chini, maana wanaona haya hata kulia. Tulikuwa tunagawana, mimi kwa wa mwanamke na Mzee Elisha kwa wa mwanamume. Hatukwenda kabla ya arobaini. Na hatukuuliza "ilikuwaje?" Mtu ukimwuliza ilikuwaje anakupa habari aliyokwisha kuwapa polisi na majirani, imekauka kama mkate wa juzi. Mzee Elisha alinifundisha kuuliza, "Marehemu alikuwa anapenda kula nini?" Hapo mama anatabasamu. Anakwambia mwanawe alipenda bada na mchuzi wa papa, na kwamba wiki zile za mwisho alikuwa hali kitu. Kwa nini hali? Ndipo habari yenyewe inapokuja, taratibu, kwa miguu yake.

Kuandika tuliandika baadaye, tukishatoka. Nyie mna vishikwambi, mnaandika huku mnatazamwa. Sisemi vibaya, lakini mtu anayelia akikuona unabofya anajisikia kama yuko dirishani benki.

Wageni wetu walikuwa wametuletea maswali, mengi mazuri, mengine yalikuwa yamevaa koti la baridi. Liko lililouliza kama nyumbani kulikuwa na silaha ya moto. Nikamwuliza bibi mmoja wa Nguvumali, akashtuka. "Bunduki? Mwanangu, hapa hata ngazi tunaazimana!" Akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu akakumbuka msiba akalia. Nikalia naye, safari hii bila vitunguu.

Lakini swali lile halikuwa la kijinga. Aliyenielewesha ni Daktari Marta, mama mmoja mrefu kutoka nchi ya baridi huko Ulaya, aliyekuwa ameishi Muheza miaka mingi na Kiswahili chake kimenyooka, ila aliamkia shikamoo kila mtu, hata watoto wa chekechea. Alikuwa ndiye anayekusanya habari za nchi zote. Jioni, kazi ikiisha, tulikaa kwenye baraza la ofisi na kahawa na kashata, yeye, mimi na Mzee Elisha, tunalinganisha. Hizo ndizo saa ninazozikumbuka zaidi katika kazi yangu yote. Mambo yenyewe mazito, lakini tulikuwa tunayabeba watatu.

Marta akasema kwao watu wengi wana bunduki za kuwindia kabatini, basi jambo linaisha kabla jirani hajageuza shingo. Akasema kuna nchi ya kusini huko, mlinzi anarudi nyumbani na bunduki ya kazini, na balaa linafanana. Mimi nikamwambia hapa kwetu ukuta wa chumba ni mmoja, mwenzio akikohoa unamwambia pole. Ugomvi unasikika wiki, mwezi, mwaka. "Kwa hiyo nyie mna muda," akasema Marta. "Sisi muda hatuna." Sikuwahi kulifikiria hivyo. Siku zote niliona kelele za jirani ni adhabu.

Akatueleza pia habari iliyonikaa rohoni. Kwao wako wazee, mume na mke, wameishi pamoja umri mzima. Mke anaugua, anapotea akili, mume anamwuguza peke yake, watoto wako mbali, mlango haugongwi. Siku moja mume anaona heri waondoke wote. Mzee Elisha akauliza, "Na huyo mke aliulizwa?" Marta akasema, "Hapana. Hilo ndilo watu wanalosahau kuuliza. Wanasema ni huruma." Kwetu hatukukuta ya namna hiyo hata moja. Siyo kwamba sisi ni wema kuliko wao. Ni kwamba mgonjwa wetu hawezi kulala nusu siku bila shangazi kuja kumsemea mlezi kwamba hajui kupika uji.

Na kila nchi, mnajua, ina sentensi yake ya kufunikia chungu. Kwetu, "shetani kampitia." Mwenzetu wa Kwale, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, alisema kwao ni "alikuwa na mawazo." Kwa kina Marta, "walikuwa watu watulivu sana, hatukujua." Mtu akishaisema sentensi hiyo, basi, hakuna anayeuliza tena. Mzee Elisha alikuwa akiichukia mno ya shetani. Alisema shetani angekuwa anapita tu, asingetoa taarifa wiki tatu kabla.

Maana taarifa zilikuwepo. Hapo ndipo nchi zote zilipofanana mpaka nikasisimka. Iwe kwa bunduki au bila bunduki, kwenye baridi au kwenye jua, mara nyingi ni mwanamume, na mara nyingi mwanamke ameondoka au anaondoka. Na kabla ya siku yenyewe kuna maneno: "Njoo tuongee mara ya mwisho." Marta akasema kwao mwanamke anarudi kuchukua nguo za mtoto. Pengine anarudi kuchukua hati, au kurudisha funguo. Kila nchi ina jambo lake linalomfanya mwanamke apite mlango ule mara moja zaidi. "Na kwenu ni nini?" akaniuliza. Mimi na Mzee Elisha tukatazamana. Tulikuwa tumekaa katika nyumba hizo, jibu tulikuwa nalo.

"Vyombo," nikasema.

Nyie mnaooana na kununuliwa kila kitu dukani hamjui vyombo ni nini. Mwanamke wa pwani anaolewa na vyombo vyake: sahani, masufuria, mabeseni, kitanda na godoro kwa mwenye uwezo. Ni mali yake. Ndoa ikivunjika, anaondoka navyo. Basi hapo ndipo anaporudi, mara nyingi peke yake, mchana watu wakiwa kazini, wasione, maana wazee wanamwambia nenda taratibu, usimwaibishe mwenzio.

Haikupita hata wiki, Rehema akaingia ofisini.

Rehema nilimjua tangu anacheza rede mtaani kwetu. Mshonaji, mzuri, mcheshi, mkaidi kama punda wa chokaa. Aliolewa na Salimu, dereva wa lori la mawe huko Pongwe, wakapanga Makorora. Salimu alikuwa kijana wa kupendeka, hata mimi nilimpenda. Mpole, salamu kwa kila mtu, kofia safi. Ila akaanza kumfuata mkewe kila aendako, akamkataza wateja, akawa anamwambia, "Bila wewe mimi sipo, na wewe hutakuwepo." Rehema akarudi kwa mama yake, aliyekuwa amehamia Nguvumali. Akaomba talaka. Salimu akakataa miezi.

Sasa Rehema kaja ofisini anacheka. "Shangazi, mambo yamekwisha! Salimu kakubali. Ijumaa baada ya swala niende, nichukue vyombo vyangu na cherehani yangu, na talaka atanipa mkononi. Tutakiane radhi, basi."

"Uende na nani?"

"Mwenyewe. Kasema niende mwenyewe, hataki watu."

"Na yeye yuko vipi?"

"Mzuri! Kabadilika kabisa. Kawapa watoto wa jirani njiwa wake wote. Anapita kwa watu kuomba radhi. Mama kalia kwa furaha, anasema moyo wake umelainika."

Jamani, habari hizo za kugawa vitu na kuomba radhi nilikwisha kuzisikia matangani. Nilimwacha pale na kikombe cha chai, nikaenda chumba cha pili kwa Mzee Elisha, nikamweleza. Siku hiyo hakungoja chakula cha mchana. Alisimama hapo hapo akasema, "Asiende."

Tukamwambia asiende. Lo! Rehema alituwakia. "Hajawahi kunipiga hata kofi! Nyie mmekaa na misiba mpaka mnaiona kila mahali. Na cherehani yangu? Bila cherehani mimi nani? Nikae Nguvumali nimenye muhogo wa mama mpaka nife?" Akachukua mtandio wake. Nikaona anaondoka, na nikaona kwamba nikimwambia tena "usiende" atakwenda kwa kunikomoa tu. Hilo nalo lijueni, wanangu: mtu mzima hakatazwi, anatafutiwa njia nyingine.

Nikamfuata mpaka nje. Nikamwambia, "Rehema, siku ya harusi yako vyombo alibeba nani?"

"Kina somo."

"Wewe ulibeba nini?"

"Bibi harusi anabeba nini, Shangazi? Nilikuwa ndani."

"Basi. Hukubeba hata kijiko. Leo ubebe kwa nini? Walioviingiza ndio watakaovitoa."

Alisimama. Hakuna mtu wa Tanga anayeweza kubishana na hilo. Akanikubalia kwa shingo upande, akasema kikombe chake kimoja kikivunjika nitamnunulia seti nzima.

Nikaenda kwa somo yake, kungwi aliyemfunda, Bi Mwanaharusi, ndiye aliyeongoza wanawake siku ile ya kupeleka vyombo. Mwanamke wa kimo kifupi na sauti ya kuita watu Pemba. Nilipomwambia tunataka kwenda wengi, macho yakamng'aa. "Tutamsuta!" akasema. "Na ngoma, na tarumbeta! Nina wimbo wake tayari, shoga, usikie kipande." Akaanza kuimba hapo hapo, na ulikuwa wimbo mkali, nakiri, nilicheka bila kutaka.

Na hapo ndipo tungeharibu kila kitu. Kumsuta mtu kwetu ni jambo la kawaida, mtu mwovu anaimbiwa mlangoni kwake mpaka anahama. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na Mzee Elisha alipokuwa akirudi kutoka kwenye yale matanga ya sauti ya chini. Nilijua ni nini kilikuwa kinawala wale wanaume kabla: aibu. Aibu ya kuachwa, aibu ya kuchekwa kijiweni. Ukimwendea mtu wa namna hiyo na tarumbeta, umemmalizia kazi.

"Tutakwenda kimya," nikasema.

"Kimya?" Bi Mwanaharusi akanitazama kama nimemtukania mama. "Wanawake wa Makorora, kimya? Mimi? Mimi ninyamaze?"

"Wewe hasa."

Tuligombana, tukaombana radhi, tukagombana tena. Mwisho nikamwambia wazi ninachokiogopa, kwamba nahofia kuna watu wawili wanaweza kufa Ijumaa. Akakaa kitako. Akasema, "Kwa nini hukusema tangu mwanzo, mjinga wewe," na machozi yakamtoka.

Tukapita kituo cha polisi. Askari wa kike aliyekuwepo alitusikiliza, akasema atakaa duka la pili kutoka kwa Salimu, amevaa baibui, anakunywa soda. Na Mzee Elisha akasema yeye atatangulia.

Ijumaa hiyo watu walipotoka msikitini, Mzee Elisha alikuwa tayari kwenye baraza la Salimu, kavaa suti yake ya kwaya, anaomba maji ya kunywa. Salimu hakuwa na budi kumkaribisha, mzee mwenye mvi kaja mlangoni, utamfukuzaje? Nasi tukaja. Wanawake wa kujaza uchochoro, wawiliwawili, na kanga zetu, hakuna anayefungua mdomo. Watu wakatoka milangoni kutuangalia. Mwuza mihogo akauliza nani kafariki, tukapita.

Salimu akasimama. Kanzu nyeupe, amenyoa, amejipaka manukato. Akatazama nyuma yetu, akatazama tena. "Rehema yuko wapi?"

Bi Mwanaharusi ndiye aliyejibu, tulimruhusu sentensi moja tu. "Hujambo mwanangu, sisi ndio tulioleta, sisi ndio tumekuja kuchukua, tupishe na Mungu akuweke." Akaingia ndani na wenzake.

Salimu akabaki kaning'iniza mikono. Sijaona mtu akionekana mchovu namna ile. Mzee Elisha akamvuta taratibu wakakaa kwenye baraza, bega kwa bega. Mimi nilisimama hatua chache, nikisikia masufuria ndani yakitolewa kwa adabu kama mayai. Na nikamsikia Mzee Elisha akiuliza, kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi, "Salimu, unafikiria kufa?"

Wanangu, hamtafundishwa somo kubwa kuliko hilo. Muulizeni mtu kwa kinywa chenu. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Kunampa mtu wa kumwambia.

Salimu akakunja upindo wa kanzu yake, akaukunjua. Halafu akasema, "Nilikuwa nimeshaaga, mzee."

"Peke yako?"

Akafunika uso kwa viganja, akaanza kulia, kilio cha mtoto, na mabega yanamruka. Mzee Elisha hakumhubiria, hakumkaripia. Alimwambia, "Umefanya vizuri kuniambia. Leo siondoki." Na kweli hakuondoka. Alimpeleka hospitali mwenyewe siku hiyo hiyo, akakaa naye kwenye benchi na suti yake ya kwaya. Kaka yake Salimu akaja kumchukua, wakaishi pamoja Pongwe. Talaka alikuja nayo mjomba wake, kwa heshima, na wala hakuna aliyeimbiwa.

Salimu sasa ana mvi. Akiniona sokoni ananiamkia shikamoo kutoka mbali na kunibebea kikapu, na hatuongelei kitu. Rehema anashona bado, akaolewa na mwingine, akaachika, akaolewa tena, ndiyo maisha. Mzee Elisha tulimzika Mlalo, kwenye baridi ile, na wenzake wa kwaya waliimba wakakosa besi. Namkumbuka mno. Nikiona jambo gumu bado nangoja jibu lake baada ya chakula.

Naogopa kidogo siku hizi, niwaambie. Watu wanajenga kuta ndefu, geti la chuma, feni inanguruma, hakuna anayesikia kitu. Ule muda ambao Marta alisema tunao, tunaujengea ukuta. Mnapokwenda kazini gongeni mageti. Msione haya kuitwa wambea.

Marta nilimweleza habari yote ya Rehema jioni moja, kwenye kahawa na kashata. Alisikiliza, akasema hawezi kuitia katika kazi yake. Wao walikuwa wanalinganisha nchi na nchi kwa waliokufa, na hakuna nchi duniani inayoandika wale ambao wangekufa wasife. Alisema hivyo huku ananishika mkono, na alikuwa na furaha kuliko siku yoyote niliyomwona.

Lakini sijawamalizia Ijumaa yenyewe.

Tulipofika Nguvumali na vyombo vichwani, Rehema alikuwa amesimama uani kwa mama yake. Hakuangalia sahani, hakuangalia hata cherehani. Aliangalia nyuso zetu, mmoja mmoja. Nadhani ule ukimya wetu ndio uliomtia hofu.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko na Mzee Elisha. Wamekwenda hospitali. Amesema mwenyewe."

"Amesema nini?"

Nikamwambia alichosema. Rehema akashika ukuta. Akateleza nao taratibu mpaka akakaa chini kwenye mchanga, na meno yakawa yanamgongana kwenye jua la saa tisa. Mama yake akamfunika kanga. Rehema akaishika kwa mikono miwili. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa mzima?"

"Mzima."

"Na mimi?"

"Nyote wawili," nikamwambia. "Nyote wawili wazima."

Bi Mwanaharusi alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni kichwani. Tangu Makorora hakuwa amesema neno, ile sentensi moja tu, na shingo ilikuwa imemvimba kwa kujizuia. Akanigusa bega. "Sasa ruhusa?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Alipiga kigelegele ambacho sijakisikia tena maishani. Na wenzake wote wakapokea. Watu wakatoka nyumba zote za Nguvumali, wengine na mikono ya unga, wakauliza nani anaolewa, mbona hatukualikwa?

"Haolewi mtu," nikawajibu. "Hajafa mtu."